Stepla ya Kuokoa Mkono wa Anti Nyangi

Hapa Rongo, mtu akifa hazikwi katikati ya wiki kama kuna njia yoyote ya kumsubirisha hadi Jumamosi. Ndiyo maana mkono wa Anti Nyangi uliuma zaidi Ijumaa kuliko siku nyingine yoyote.

Anti Nyangi ni dada mdogo wa mama yangu. Sisi ni Wakuria wa Ntimaru, lakini yeye alihamia Rongo kabla sijazaliwa, akafungua duka la kuchapisha kando ya njia ya kwenda chuo kikuu. Mimi ninaishi kwake kwa sababu shule yangu iko huku. Wateja wake wengi ni Wajaluo. Wanamwita Nyar Kuria, yaani binti wa Kuria, naye anaitika bila kugeuka, kana kwamba ndilo jina alilobatizwa nalo.

Wanafunzi wa chuo huja na kazi zao za fotokopi, lakini kazi iliyompa Anti jina ni vijitabu vya mazishi. Kila familia inataka kijitabu chake: picha ya marehemu kwenye jalada linalong'aa, historia ya maisha yake, ratiba ya ibada, nyimbo, halafu salamu za mwisho za mjane, za watoto, za wajukuu, za wakwe, za chama, za kanisa. Karatasi zinakunjwa katikati na pini mbili zinapigwa kwenye mkunjo. Kuchapisha kunafanywa na mashine. Kukunja, ukiwa na rula, si kazi kubwa. Lakini pini zinapigwa kwa stepla ya mkono mrefu, chuma kizito cha kijani ambacho lazima ukibane kwa kiganja huku bega likisukuma kutoka juu. Unabana, unasogeza, unabana tena, mpaka rundo lote liishe.

"Si uajiri mtu," mama yangu alimwambia kwa simu.

"Nimwajiri anibanie pini halafu mimi nifanye nini, nimtazame?"

Ndivyo alivyo. Nyuma ya kila kijitabu kuna jina la duka lake kwa maandishi madogo, na yeye hakubali pini iliyoenda kombo itoke mlangoni na jina hilo.

Mkono ulianza kwa ganzi. Asubuhi alikuwa akiutikisa kama mtu anayekung'uta maji. Baadaye akaanza kuangusha vitu. Siku aliyoangusha kikombe cha chai juu ya kibodi ya kompyuta alikubali kwenda hospitali Homa Bay, na kwa kuwa tulikuwa tumefunga shule nilienda naye.

Daktari alikuwa mwanamke mpole mwenye sauti ya chini. Alimwuliza Anti anafanya kazi gani. Badala ya kueleza, Anti alisimama akabana hewa kwa kiganja, bega likishuka nalo.

"Mara ngapi kwa siku?"

"Ijumaa, sijui. Huwa sihesabu. Huwa ninaomba tu iishe."

Daktari alimshika kifundo cha mkono akamwonyesha mahali neva inapopita, njia nyembamba sana, na jinsi inavyobanwa kila anapobana. "Usiguse hiyo kitu mpaka kliniki ijayo," alisema. "Ukiendelea itabidi tukupasue. Na mama, nisikudanganye, neva ikishachoka sana, kupasua kunaondoa maumivu lakini hisia zinaweza zisirudi zote."

Tulitoka nje. Nilidhani Anti anawaza kisu. Kumbe alikuwa amesimama anamwangalia kijana wa bodaboda aliyekuwa akiegesha pikipiki yake mbele ya lango. Kijana alisukuma stendi kwa kidole gumba cha mguu, polepole, akiwa amevaa kandambili. Stendi ikaenda nusu ya njia kwa nguvu zake, halafu ikajirusha yenyewe mpaka mwisho. Tap.

"Fanya tena," Anti akamwambia.

"Mama, unaenda wapi?"

"Siendi popote. Rudisha hiyo stendi, halafu uisukume tena."

Kijana alimtazama, akanitazama mimi, akamwita mwenzake. "Omera, ndugu yangu, kuja uone. Kuna mathe hapa anataka stendi bila pikipiki."

Lakini aliisukuma. Anti akachuchumaa pale kwenye vumbi, begi la hospitali likiwa begani, akaitazama ile springi ikivutika, ikivutika, halafu ikiachia. Mimi nilikuwa nimeona stendi za pikipiki maisha yangu yote na sikuwahi kuona cha ajabu. Siku ile ndipo nilipoelewa: springi inapokea nguvu kidogo kidogo, inaziweka, halafu inazitoa zote kwa mara moja. Kidole cha mguu hakihitaji kuwa na nguvu. Kinahitaji tu kuendelea kusukuma.

"Kwa hivyo si lazima mkono ubane," Anti alisema, si kwangu hasa. "Mkono unaweza kupakia nguvu tu. Springi ndiyo ipige."

Hapa Rongo, nyuma ya soko, kuna fundi wa chuma anayeitwa Nyangau, Mkisii mrefu anayetengeneza mageti, majiko na toroli. Anti alimpelekea mchoro. Nyangau aliugeuza juu chini, akaurudisha.

"Hii ni nini?"

"Stepla."

"Stepla zinauzwa, Nyangi. Duka lile pale."

"Hiyo ya pale imenimaliza mkono. Ninataka ambayo nitaibonyeza kwa vidole viwili."

Wakaanza. Wazo lilikuwa rahisi kulieleza na gumu kulifanya. Unabonyeza mpini mrefu, mpini unainua kibamba chembamba cha chuma na kuivuta springi. Kibamba kikifika juu kinateleza kutoka kwenye ndoano yake, springi inakirusha chini, kinaipiga pini, pini inazama kwenye karatasi. Mara ya kwanza walitumia springi za kalamu, kadhaa kwa pamoja. Pini haikutoka hata kwenye njia yake. Wakajaribu springi ya breki ya pikipiki. Pini ikaingia nusu, ikalala ubavu. Wakajaribu springi ya stendi yenyewe, na hiyo ilipiga kwa kishindo hadi mbwa wa jirani akabweka, na pini tukaichomoa kwenye mbao ya meza kwa koleo.

"Hii si stepla," Nyangau alisema akifuta jasho. "Huu ni mtego wa panya aliyesoma."

"Wewe kata springi ipungue."

"Nikikata itakuwa ngumu zaidi. Springi fupi ni ngumu."

"Basi tafuta nyembamba."

"Nitafute wapi, Nyangi? Kwa kitanda changu?"

Muhula ulifunguliwa na wao bado walikuwa wanagombana. Kila nikitoka shule nilimkuta Anti kwenye benchi la Nyangau, mafuta ya mashine yamemwingia kwenye kucha, akijaribu na kukasirika. Alikasirikia springi, akakasirikia ndoano, akanikasirikia mimi nilipouliza kwa nini wasiweke springi mbili. Ijumaa alikuwa anafunga mkono kwa kitambaa na kurudi kwenye stepla ya kijani, maana marehemu hawasubiri mtu amalize uvumbuzi wake. Jioni alikula kwa mkono wa kushoto na kusema ugali umekuwa mgumu siku hizi.

Majaribio yote aliyafanya kwa karatasi za mtihani wa majaribio ulioharibika, uliochapishwa kimakosa, shule fulani ikaukataa. Tulikuwa na maboksi yake hadi darini. Alikunja mtihani mmoja, akaupiga, akautupa, akakunja mwingine. Karatasi zilikuwa za bure, kwa hivyo hakuna aliyefikiria zaidi ya hapo. Hata mimi, ambaye huuliza kila kitu, hilo sikuuliza.

Halafu siku moja ikakubali. Nyangau alikuwa amepata springi kutoka kwenye kufuli kuukuu ya geti, akaweka kizuizi cha chuma kwenye kitako cha stepla ili kibamba kisishuke kupita mahali fulani. Anti alibonyeza kwa vidole viwili. Tap. Akageuza karatasi: miguu ya pini imelala vizuri, imekumbatiana. Akapiga ya pili na ya tatu. Akaniita nipige, akamwita mwuza ndizi apige, akamsimamisha mwanafunzi wa chuo aliyekuja kufotokopi kitambulisho, naye akapiga bila kujua ni kwa nini. Stepla ya kijani ikaenda chini ya meza. Kliniki ilikuwa imebaki wiki tatu.

"Nitaenda Homa Bay," Anti alisema, "nimwonyeshe daktari mkono uliopumzika."

Wiki hiyo hiyo alikuja Nicholas, kutoka upande wa Ndhiwa, kuagiza vijitabu vya baba yake, Mzee Maurice. Alikuwa mtu nadhifu, mfupi wa maneno, mtoto wa kwanza wa nyumba ya kwanza. Nasema hivyo kwa sababu Mzee Maurice alikuwa na wake wawili. Nicholas alileta kila kitu kwenye simu: picha, historia, salamu. Anti akapanga, akachapisha, na Ijumaa nilipotoka shule nilimkuta amemaliza. Vijitabu vilikuwa vimepangwa kwenye meza, uso wa Mzee Maurice ukitabasamu kutoka kila rundo. Vyote vilipigwa na stepla mpya. Kijitabu kilikuwa na unene sawasawa na ule mtihani, lakini hilo wakati huo halikuwa na maana kwa mtu yeyote. Nyangau alikuwa ameketi kwenye kreti anakunywa soda kama bwana harusi.

"Mkono unauma?" nilimwuliza Anti.

"Mkono gani?" akasema.

Nicholas alikuwa anapakia boksi la kwanza bodaboda iliposimama nje. Msichana mmoja aliyevaa nguo nyeusi akashuka, akaja moja kwa moja kwenye meza, akafungua kijitabu, akapindua kurasa hadi mwisho, akarudi mwanzo.

"Mama yangu yuko wapi humu?"

"Dolphine," Nicholas akasema.

"Ninauliza. Mama yangu yuko wapi?"

"Nilileta nilichopewa."

"Ulipewa na nani? Na nyumba yenu. Kwetu nani alikuja kuuliza?"

"Nilituma kwa grupu ya familia."

"Grupu gani, ile mlinitoa Desemba?"

Nicholas akaendelea kupanga vijitabu kwenye boksi. Mimi ni Mkuria lakini nimekaa Rongo muda wa kutosha kujua kilichokuwa hapo mezani. Kesho salamu zitasomwa mbele ya jeneza, nyumba kwa nyumba, na watu watakuwa wameshika kijitabu wakifuata kwa kidole. Mjane asiye na ukurasa wake atakuwa amekaa chini ya hema mbele ya ukoo mzima na wageni, na kitabu kinasema hakuwahi kuolewa. Na kijitabu hicho hakitupwi. Kinawekwa kabatini. Miaka kumi ijayo mtoto atakitoa asome.

Dolphine alitoa simu. Salamu za mama yake zilikuwa humo, na za watoto wa nyumba ya pili, na wajukuu, pamoja na picha zao. Anti alizitazama, akahesabu kwa macho. "Hizi ni karatasi mbili za kukunja," alisema. "Tutang'oa pini, tuingize, tupige tena. Nina stepla nzuri. Ketini."

Tukaketi. Nicholas na Dolphine walipewa kisu cha kung'olea pini, kimoja kwa wote wawili, wakapokezana bila kutazamana. Mimi nilikunja karatasi mpya zilipotoka kuchapishwa na kuziingiza. Anti akachukua kijitabu cha kwanza chenye unene wake mpya, akakiweka chini ya stepla, akabonyeza kwa vidole viwili.

Tap.

Kibamba kilipita kwenye jalada kama kisu kwenye ndizi mbivu. Pini ilizama ndani, jalada likachanika kwenye mkunjo, na mpasuko ukakimbia hadi kwenye kola ya Mzee Maurice.

Anti akachukua kingine. Kikachanika.

"Springi ina nguvu sana," Nyangau alisema, akiweka soda chini. Akailegeza. Tap. Sasa jalada lilipona lakini pini haikutokea upande wa pili. Ilisimama juu ya karatasi kama kaa aliyeinua miguu. Akaikaza kidogo. Likachanika. Akailegeza nusu. Pini ikasimama.

"Springi hii ni ya kufuli kuukuu, imechoka. Ngoja nikimbie nilete nyingine."

"Leo asubuhi haikuwa imechoka."

"Chuma hubadilika, Nyangi."

"Chuma hakibadiliki wakati wa chakula cha mchana. Usinichezee."

"Sasa unanigombeza mimi? Nani alitaka stepla ya vidole?"

Dolphine alikuwa ameacha kung'oa. "Kwa hivyo ni kurasa za mama yangu ndizo zimeharibu," alisema polepole. Hakuna aliyesema hivyo, lakini kila mtu alikuwa amelisikia hilo neno chumbani kabla hajalitamka.

Anti alitazama boksi la majalada. Karatasi ya kung'aa ilikuwa imeisha. Zilizochanika hazikuwa na mbadala, na duka la karatasi lililo karibu zaidi liko Migori mjini. Nje, jua lilikuwa limeshuka nyuma ya minara ya simu. Gari la kuchukua mwili lilikuwa njiani kwenda mochari na Nicholas alitakiwa kuwa nalo. Anti akainama, akatoa stepla ya kijani chini ya meza.

"Anti, wacha nifanye mimi," nilisema.

Alinipa. Nilibana cha kwanza kwa nguvu zangu zote na pini ikatoka nje ya mkunjo, ikatoboa salamu za kanisa. Jalada lingine likaharibika. Nyangau alinyoosha mikono yake na Anti akaitazama: mafuta meusi hadi kwenye viwiko, na majalada ni meupe. Nicholas alijaribu moja, pini ikalala. Anti akamnyang'anya stepla. Akafunga kitambaa kwenye kifundo cha mkono, akakikaza kwa meno, akaanza.

Unabana, unasogeza, unabana. Bega linashuka. Kila pini ilikaa mahali pake. Sikuweza kumtazama usoni kwa hivyo nilitazama stepla, na nadhani yeye pia alikuwa anaitazama ili asiutazame mkono, kwa maana alipofika katikati ya rundo alisimama ghafla, stepla ikiwa imefunguka nusu juu ya karatasi. Akaishusha polepole. Akaiinua. Akaishusha tena.

"Nyangau. Kuja uone hii."

"Nimeiona maisha yangu yote."

"Kichwa kinashuka kinakaa juu ya karatasi kwanza. Ndipo kinasukuma. Karatasi zikiwa nyingi kinakaa juu, zikiwa chache kinakaa chini."

"Kitakaa wapi tena?"

"Yetu haikai. Yetu imefungwa. Kile kizuizi uliweka kwenye kitako kinapima kutoka mezani. Na mimi nilikupimia kwa ule mtihani. Mtihani, mtihani, mtihani kila siku, karatasi zile zile." Akagonga stepla mpya kwa kidole. "Siyo springi. Haijawahi kuwa springi. Tumegombana muhula mzima juu ya springi."

Nyangau aliinamia stepla mpya, akapima kizuizi kwa kidole. Halafu akasema kitu kibaya kwa Kikisii, kwa sauti ya chini, na nilijua amekielewa.

Kujua hakukusaidia kitu. Kuikata stepla upya ilikuwa kazi ya siku nzima na vijitabu bado vilikuwa mezani. Anti akaendelea. Hasira ilimfanya abane kwa haraka zaidi. Alipomaliza cha mwisho, Dolphine alikifungua, akatafuta ukurasa wa mama yake, akapitisha kiganja kwenye mkunjo kuona kama umeshika. Akamsukumia Nicholas boksi moja, akabeba lingine mwenyewe. "Erokamano, Nyar Kuria," alisema mlangoni. Asante. Nicholas alisema hivyo pia, akikitazama kitambaa cha Anti.

Anti alijaribu kufunga kufuli ya duka. Ufunguo ukaanguka. Akauokota, ukaanguka. Akasimama pale, akiutazama chini, kisha akanipisha nifunge.

Kliniki ilipofika, yule daktari wa Homa Bay alimwambia afumbe macho. Alimgusa kidole gumba kwa ncha ya pini, mara huku, mara kule.

"Niambie nikikugusa."

"Sawa," Anti akasema, akasubiri.

Daktari alikuwa amemgusa tayari. Niliona. Anti alifumbua macho kwa sababu ya kimya, akaona pini iko kwenye ngozi yake, na uso wake ukawa kama siku ya karatasi kuchanika. Walimpasua wiki iliyofuata.

Nyangau alikuja na stepla Anti akiwa nyumbani, mkono umefungwa bendeji nyeupe hadi karibu na kiwiko. Kichwa sasa kilikuwa kinaelea, kimeshikwa na bawaba ya dirisha, na kizuizi kimehamia humo ndani, hakigusi kitako tena. Nyangau aliiweka juu ya meza ya sebuleni na kuirudisha nyuma kidogo, kama mtu anayemsogezea mgeni kiti.

Anti aliweka karatasi mbili. Akabonyeza kwa vidole vya kushoto. Tap. Akaweka mtihani mmoja. Tap. Akaweka mitihani miwili pamoja, unene wa nyumba zote mbili za Mzee Maurice na zaidi. Tap. Akageuza kila kimoja. Pini zimelala, karatasi hazina mkwaruzo.

Nilitaka kupiga makofi. Nilipomtazama nikaacha.

"Ijumaa moja," alisema. "Ijumaa moja tu ndiyo imenimaliza mkono. Kama ningekunja hata gazeti. Kama ningejaribu kwa kitu chochote ila huo mtihani."

"Sasa si inafanya kazi," Nyangau alisema.

"Nyamaza, Nyangau. Ninajua inafanya kazi."

Nyangau akaketi. Baada ya muda Anti akamwambia kuna chai kwenye thamosi, ajimiminie.

Bendeji ilishatolewa. Maumivu yameondoka kama daktari alivyosema, na hisia za kidole gumba hazikurudi, kama alivyosema pia. Ijumaa Anti anakaa kwenye meza ile ile. Hata akibonyeza, gumba halimwambii kama limegusa mpini au bado, kwa hivyo anainamisha kichwa kidogo upande wa stepla na kusubiri. Ikilia tap, anasogeza. Redio ya jirani ikiwa juu anapiga kelele waipunguze, na wateja wapya hufikiri Nyar Kuria ana hasira tu. Nao hawajakosea sana.